Lango Lililosema Asante

Hapo zamani, wala si zamani sana maana magoti yangu yalikuwa yameshaanza kulia, kijijini kwetu milimani Upareni palikuwa na ndiva, yaani bwawa la kugawia maji mashambani. Tulikuwa tukilifungua kwa mkono. Kisha wakaja mafundi, wakaweka lango la chuma linalosikiliza simu. Siku ya zamu yako unaletewa meseji, unairudisha kwa lango, lango linafunguka saa nzima na kukujibu: Asante.

Mimi kusoma sijui, lakini neno hilo nilionyeshwa, nikalikariri umbo lake. Na wanangu watatu walioko mjini nikiwabipu hawapigi. Lango linajibu papo hapo! Basi hata zamu yangu ilipopita, kila asubuhi nikawa nairudisha meseji ile ile. Nilidhani nasalimia. Nikiambiwa asante, naenda kuokota kuni nimenyooka kama bibi harusi.

Kumbe maji yanatoka. Mifereji ya mashamba ilikuwa imezibwa kwa kuwa saa hiyo haikuwa zamu ya mtu, yakateremka yote hadi uwanja wa shule. Siku ya saba vyura walikuwa golini, na ndiva imebaki na maji ya kutosha shamba moja tu. Mvua ilikuwa mbali, tangawizi zimeanza kunyauka. Atakayekosa maji, mazao yake ya mwaka yamekwenda.

Aliyegundua kwanza ni Mbazi, mlinzi wa ndiva. Aliingia matopeni hadi kiunoni, akalisukuma lango kwa bega mpaka likafungika, akalitia mnyororo. Bega likateguka.

Akafuata Nakijwa, binti wa jirani yangu, aliyesomea mitambo. Alikaa kando ya ndiva siku tatu na kompyuta yake, akisikiliza kila neno linalopita kati ya simu na lango. Watu wakamcheka kwamba anapeleleza chuma. Siku ya nne akatukusanya kwa mwenyekiti wetu, Bi Namkunda.

"Lango linauliza, nani?" akasema. "Simu inajibu, mimi. Basi, linafungua. Halichunguzi ni mimi yupi, wala halijui kwamba neno hilo ni la wiki iliyopita. Mtu yeyote angeweza kulikausha bwawa hili akiwa kitandani."

Nikamwambia mbona hata kwangu ni hivyo hivyo, mtu akipiga hodi nauliza nani, naambiwa mimi, nafungua.

"Ndiyo maana kuku wako hawaishi kuibiwa, bibi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kuku hao walikuwa kumi na wawili, wamebaki wanne.

Akaeleza kwamba amelifundisha lango adabu: kila zamu ina neno lake, na neno likishatumika mara moja halikubaliki tena. Kisha akainamia kompyuta atusomee namba ya simu iliyoleta balaa. Nikasimama kabla hajaisoma.

"Acha, mwanangu. Namba ni yangu. Nilikuwa nalisalimia lango."

Hapo hakucheka mtu.

Ikabaki kugawa maji yale ya shamba moja, na tuliojitokeza kuyadai ni Mbazi, Nakijwa na mimi. Sote watatu tulikuwa na tangawizi, zote zinanyauka.

Mbazi akasema, "Haya maji mnayogombania yapo kwa sababu ya bega langu. Maneno hayakuzuia hata tone."

Nakijwa akasema, "Kaka Mbazi alifunga mara moja. Mimi nimefunga kwa siku zote zijazo. Bila mimi, kesho mngekuwa mnalia tena."

Nami, kwa uso mkavu ambao sijui niliutoa wapi, nikasema, "Mwizi angeujua udhaifu ule kabla yetu, leo tusingekuwa na cha kugawa. Ni ujinga wangu uliouanika. Na nimekiri bila kushikwa."

Mbazi akaguna kwamba mama huyu angechoma nyumba, angedai shukrani kwa mwanga. Lakini Bi Namkunda hakumkemea yeye wala mimi. Alitutazama mmoja mmoja, akainuka na ufunguo wa mnyororo mkononi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinipendelee kwa kuwa mmekula kwangu. Aliyezuia maji, aliyechunguza maneno, na aliyekosea akakiri: je, nani alistahili kufunguliwa maji?