Gemu la Tumpe na Hukumu ya Ukutani

Mjua njia moja husema mji mdogo. Nilimwambia mwenzenu Atu maneno hayo juzi, aliporudi kutoka Iringa na kutangaza kwamba kule hakuna kitu, ilhali siku zote nne alikwenda chuoni na kurudi bwenini, basi. Mkacheka, mkaniuliza nimeyaokota wapi. Sikuyaokota. Yaliandikwa mbele ya macho yangu, kwenye ukuta wangu mwenyewe. Nanyi mnaopenda kugawa nyota kwenye simu kabla kitu hakijafunguka vizuri, kaeni msikilize. Methali hii ilianza hivi.

Wakati ule nilikuwa na banda la gemu hapa Mbeya, karibu na soko. Lilikuwa na runinga nne, mabenchi, na ukuta mmoja nilioupaka rangi nyeusi ya ubao. Gemu jipya likija lilichezwa na mtu mmoja tu, Ambakisye, fundi redio, ambaye hakuna gemu la zamani alilokuwa hajalimaliza. Alikuwa na roho tatu, yaani akifa mara tatu mchezo umekwisha. Watu wote walikaa kimya, na aliyetengeneza gemu hakuruhusiwa kufungua mdomo, kwa sababu tulisema gemu zuri hujitetea lenyewe. Kisha Ambakisye alitamka hukumu, mimi nikaiandika kwa chaki, na kilichoandikwa hakikufutwa. Wenye mabanda wa mji mzima walikuja kusoma ukuta ule kabla ya kuchukua gemu lolote.

Tumpe alikuwa binti wa jirani yangu, Mzee Mwaisumo. Alijifungia miaka mitatu na kompyuta, akitengeneza gemu la dereva wa bajaji anayepambana na majambazi katika mji ambamo mchezaji anaweza kwenda popote. Alilichora kwa mtindo wa zamani, vidoti vya mraba kama shanga, na muziki wa tii-tii unaokera masikio. Baba yake alikuwa amechoka. Alimwambia wazi: ukuta ukilisifu gemu, endelea, ukilikataa, kompyuta inakwenda kwa kaka yako na wewe unakwenda Tukuyu kwa shangazi yako, ukasimamie mashine ya kusaga. Jumapili baada ya ibada mzee alikuja mwenyewe, na koti lake la kanisani, akakaa benchi la mbele.

Ambakisye akashika padi ya kuchezea. Bajaji ilikuwa imesimama pembeni kabisa, kushoto mwa runinga. Akatabasamu, akasema, "Haya ndiyo mambo yetu," akaikimbiza kwenda kulia. Sisi tuliokulia gemu za zamani tulijua hivyo: unakwenda kulia, mbele kwa mbele, nyuma hakuna kitu. Akafika darajani, wakatokea majambazi saba, akafa.

Mara ya pili akaenda kulia tena. Daraja lile lile, majambazi wale wale, akafa. Watu wakaguna. Tumpe alikuwa amesimama mlangoni, ameuma mkono wa sweta yake, na machozi yalikuwa karibu. Nilitamani kumwambia, sema, mwanangu. Lakini sheria ile niliitunga mwenyewe, nikanyamaza, na nilijichukia.

"Mama Subi, andika," Ambakisye akasema.

"Umebakiwa na roho moja."

"Ya nini? Tumeambiwa mtu anazunguka mji mzima. Mji gani huu, wa daraja moja? Andika: mji mdogo."

Nikaandika katikati ya ukuta. Wenye mabanda wawili wakainuka kutafuta viatu vyao. Tumpe akafumba macho.

Hapo Mzee Mwaisumo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika padi, akauliza kwa sauti, "Samahani, kijana. Nyuma ya hiyo bajaji kuna nini?"

"Mzee, hapa hatuongei," mtu akamkemea.

"Hakuna kitu, mzee," Ambakisye akajibu. "Gemu za namna hii hazirudi nyuma."

"Umekwenda ukaona?"

Ambakisye akaigeuzageuza padi mikononi.

"Mimi mambo yenu siyajui," mzee akasema. "Lakini huyu amekaa chumbani miaka mitatu. Miaka mitatu haiwezi kuwa ya daraja moja. Mimi mwenyewe nataka hiyo kompyuta itoke nyumbani kwangu, ila itoke kwa haki."

Ambakisye akageuza bajaji kwa hasira, amwoneshe mzee kwamba itagonga ukingo. Haikugonga. Picha kwenye runinga ikasogea, soko likajitokeza, muuza viazi akamtukana dereva, na banda zima likapiga yowe. Nyuma ya soko kulikuwa na barabara ya kupanda mlimani, na mlimani karakana, na karakanani silaha. Alizunguka huku na huku, akaja kutokea upande wa pili wa lile daraja, nyuma ya migongo ya majambazi. Roho ile moja ilimchukua mpaka jioni. Wale wenye mabanda walikaa tena, na hakuna aliyekumbuka kula.

Alipokufa hatimaye, alizungumza na Tumpe bila kumtazama usoni. "Kupigana kunajirudia mno. Na huo mlio wako upunguze. Lakini mji sijaumaliza." Akaninyooshea mkono. "Nipe chaki."

"Kilichoandikwa hakifutwi," nikamwambia, na nilisema kwa ukali, maana nilikuwa na hasira naye na mimi mwenyewe.

"Sifuti."

Akasimama kushoto mwa yale maneno yake mawili, palipokuwa na nafasi, akaongeza manne kwa mkono wake. Mzee Mwaisumo akavaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yake. "Twende ukale," akamwambia. "Kesho una kazi."

Watu walitoka wakiyarudia maneno yale mpaka sokoni, na hadi leo Mbeya wanayasema wasiojua hata gemu ni nini: Mjua njia moja husema mji mdogo.