Gugu Likiitwa Baba

Gugu likiitwa baba, huacha wajukuu. Maneno hayo ameambiwa mwenye mashine ya kukoboa asubuhi hii, mbele yenu nyote, alipokuwa akitueleza kwamba mpwa wake hachoti mchele wa watu, ila "mikono yake inapenda kushikashika." Mkacheka, kisha mkanigeukia mimi mkiuliza gugu gani hilo lenye wajukuu. Haya, umeme umekatika, mpunga wetu bado umo magunini, na anayesema anajua umeme utarudi saa ngapi ni mwongo. Kaeni juu ya magunia, ila si juu ya langu, niwaambie methali hii ilikoanzia.

Ilianza hapa hapa bondeni, kabla mifereji haijajengewa saruji. Palikuwa na mzee akiitwa Magugu. Msicheke, ndilo jina alilopewa na mama yake. Uchungu ulimkuta yule mama katikati ya palizi, jembe mkononi, na mtoto akalazwa juu ya lundo la magugu yaliyokwisha kung'olewa. Mzee huyo alikuwa mkali, mwenye majaruba mengi ya mpunga, na jina lake alilipenda sana, pengine kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.

Mwanawe, Mbelwa, alioa msichana wa ng'ambo ya mto aliyeitwa Kolesa. Sasa nyinyi wa siku hizi mnamsalimu baba mkwe huku mnatafuna bigijii. Zamani mke hakuthubutu kulitaja jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Aliyeolewa kwa Mzee Moto, akitaka kuwasha jiko, aliomba jirani ampe "kile chekundu". Kwao Kolesa, neno likishazuiliwa hivyo, mahali pake mke huweka "baba", na kila mtu anaelewa. Huku kwetu hakuna aliyeijua desturi hiyo, na Kolesa ndiye aliyekuwa mkwe wa kwanza wa Mzee Magugu.

Basi bibi harusi alipewa jaruba moja alilime mwenyewe, na nyumba nzima ingekula humo mwaka ule, maana mpunga wa majaruba mengine ulikuwa wa kuuza. Likitoa mpunga wa kutosha kulisha nyumba, anakabidhiwa mafiga na kujengewa jiko lake. Lisipotoa, anabaki jikoni kwa mama mkwe msimu mwingine. Mama mkwe wa Kolesa alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mtu anayesonga ugali na kuvuta pumzi. Hasemi kitu, anavuta pumzi tu. Kolesa alilitaka hilo jiko kuliko kanga, kuliko shanga, kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Akalima, akamwaga mbegu. Mpunga ukachipua, na pamoja nao ikachipua nyasi moja laghai, ile ya msimu mmoja, ambayo ikiwa changa huwezi kuitenga na mpunga. Nimeona watu wazima wakipalilia kutwa nzima, wameng'oa mpunga wote na kuacha nyasi, na jioni wanajisifu. Lakini Kolesa alikuwa amefundwa na mama yake. Tazama pale jani linapokumbatia shina. Mpunga una kiulimi cheupe, chembamba, na pembeni vinyweleo vilivyojikunja kama hereni. Gugu lile halina hereni wala ulimi. Kolesa akaingia majini akifunua majani, na kila alipofunua hakuona ulimi.

Kuyang'oa ilikuwa kazi ya siku chache. Lakini hebu fikirini. Mkwe mgeni ashike kitu chenye jina la baba mkwe wake, akivute kwa mizizi, akitupe kingoni, kisha akikanyage? Angeeleza nini? Akaona heri aombe ruhusa kwanza.

Akamwendea mumewe, akamkuta kwenye bao. Na Mbelwa akiwa kwenye bao, masikio yake yalikuwa kwenye kete.

"Mume wangu," Kolesa akasema, "baba ameingia kwenye jaruba langu."

"Mkaribishe."

"Anamaliza maji yote."

"Jua kali, mzee ana kiu."

"Nimtoe?"

Mbelwa akainua kichwa. "Umtoe? Mkwe amtoe baba kwenye shamba lake mwenyewe? Mwache, mwanamke! Akichoka atatoka mwenyewe."

Kolesa akaenda kwa mama mkwe. "Mama," akasema, "baba anazidi kujiinua kule jarubani. Mpunga wangu hata jua hauoni."

Mama mkwe akavuta pumzi. "Ndivyo alivyo tangu anioe, mwanangu. Mimi mwenyewe hilo jua sijaliona. Mheshimu tu."

Gugu likaheshimiwa. Kolesa alilipitia kando, akaliinamishia kichwa, akawa anaomba radhi kila kanga yake ilipoligusa. Usiku hapati usingizi, anayaona mashina ya mpunga yanavyosongwa, lakini wakubwa wameshasema. Nalo gugu, likiwa limepewa ruhusa na mume na mama mkwe, likarefuka na kutoa masuke.

Mpunga ulipokaribia kuiva, Mzee Magugu alikuja na wazee wenzake kulikagua jaruba la mkwe. Wakakuta nyasi imefika vifuani, masuke ya zambarau yamening'inia, na mpunga umejikunyata chini yake kama watoto wa kambo. Kolesa alijifunika kanga akawapa mgongo, kama ilivyopasa. Mzee naye hakupaswa kusema na mkwe ana kwa ana, kwa hiyo alisema na bakora yake.

"Bakora, muulize mke wa Mbelwa, hiki ni nini?"

"Ni baba," Kolesa akajibu.

"Bakora, muulize tena, hajasikia. Hiki kilichoota hapa ni nini?"

"Ni baba."

"Baba yake nani?"

"Baba wa nyumba hii. Baba aliyemzaa mume wangu."

Mzee akaisahau bakora. "Mimi?"

"Wewe, baba. Nilikujua tangu ungali mchanga. Nilitaka kukung'oa mapema, mume wangu akasema nikuache, mama akasema nikuheshimu. Sasa umetoa masuke, mpunga umekwisha, na jiko langu..." Hapo akalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha mzaha.

Mzee mmoja alicheka mpaka akateleza kingoni akaingia majini. Mbelwa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Mzee Magugu peke yake hakucheka. Alitazama jaruba, akatazama mlimani kulikolimwa mihogo, akajua mwaka huo atakula nini.

"Mkwe wangu, geuka," akasema. "Sema, magugu."

"Siwezi, baba."

"Sema!"

"Ma... ma..."

"Huyo ni mama. Endelea."

"Ma... gu..."

"Bado moja."

"MAGUGU!" Kolesa akapiga kelele, ndege wakaruka bonde zima.

"Naam!" Mzee akaitika, kwa mazoea.

Siku ile ile walilifyeka jaruba, lakini mbegu zilikuwa zimeshapukutika. Kolesa hakupewa jiko. Kiangazi kilipofika nyasi ile ilikauka yote, maana maisha yake ni msimu mmoja, na Mbelwa akapata nguvu ya kusema, "Si niliwaambia atatoka mwenyewe?" Mvua za kwanza zikamnyamazisha. Jaruba liligeuka kijani kabla hata punje moja ya mpunga haijamwagwa. Mzee Magugu akaja, akasimama kingoni, akamwita mwanawe.

"Mbelwa, hawa ni wajukuu zangu. Mkeo hajanizalia hata mmoja, wewe umenizalia jaruba zima."

Basi Kolesa akaanza vita. Mwaka huo hakuharakisha kupanda. Aliyaacha yachipue kwanza yote yaliyotaka kuchipua, kisha akayafukia kwa jembe na kuyafungia maji juu yake. Mpunga aliuotesha kitaluni, akauhamishia jarubani kwa mistari ya kamba, na chochote kilichosimama nje ya mstari kiling'olewa bila kuulizwa. Yaliyojificha ndani ya mstari aliyafunua majani, na lisilo na ulimi halikuachwa lifikie kutoa suke. Mbelwa alikuwa naye humo humo, matope magotini, na bao lake likafanywa kifuniko cha mtungi. Kutwa ungesikia, "Magugu haya hapa! Magugu yale kule!" na kutoka barazani, "Naam! Naam!" mpaka mzee akachoka kuitika.

Jaruba halikusafika kwa msimu mmoja, kwa kuwa mbegu hulala ardhini zikingoja zamu. Lakini msimu uliofuata mpunga ulikuwa mwingi hata ukakosa pa kuwekwa, na Kolesa akakabidhiwa mafiga yake, akajengewa jiko, akapika wali wa kwanza humo peke yake, bila mtu mgongoni. Wageni wakaja. Wakati wa kula, mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Wali ni mzuri, lakini mkwe gani huyu anayetangaza jina la baba mkwe wake bonde zima? Hana adabu."

Mzee Magugu alikuwa na tonge mdomoni. Alilimaliza kwanza, akalamba vidole.

"Aliponiita baba, nilikula mihogo," akasema. "Aliponiita Magugu, nakula wali. Gugu likiitwa baba, huacha wajukuu."