Pimbi Mdogo na Mkia wa Kasuku

Niseme, nisiseme?

— Sema!

Nikisema mtasikiliza?

— Tutasikiliza!

Wewe wa pale nyuma, ukisinzia nakuacha huko huko. Haya.

Hapo kale, kale sana, mawe yangali laini kama ugali, pimbi waliishi juu ya mwamba wao. Walikuwa na desturi moja. Mtoto akishaachishwa ziwa, anasimamishwa mbele ya watu wote, anaulizwa mambo mawili tu: "Jina lako nani? Kwenu wapi?" Akijibu, vigelegele. Asipojibu, anapelekwa kulala chini, nyikani. Na nyikani nani anapita usiku? Chui!

Sasa Mama Kipepe alikuwa na mwanawe, Kipepe. Mtoto mzuri, mashavu haya! Lakini kusema, hasemi. Wenzake wanapayuka kutwa, yeye ni "mm" na "ba". Ukimwambia "Kipepe, lete kijiti," analeta. Ukisema "Chui!" yeye ndiye wa kwanza kuingia shimoni. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu. Maneno tu hayatoki.

Na siku ya kuulizwa inakuja. Mama Kipepe hali, halali.

Akamwendea Kunguru. "Kaka Kunguru, nisaidie, mwanangu hasemi."

"Huyo masikio mazito," akasema Kunguru. Akamwinamia mtoto: "SEMA! SEMA! SEMAAA!"

Kipepe akalia. Hakusema.

Akamwendea Nyani. "Huyo ana kiburi, dada. Mnyime chakula mpaka akitaje."

Akamnyima asubuhi, akamnyima mchana. Kipepe akanyoosha mkono, akalia. Hakusema. Mama naye akalia, akampa chakula chote kilichokuwamo shimoni.

Akamwendea Kasuku. Eh, Kasuku! "Mama weee, umefika kwa fundi! Niletee kapu la karanga. Siku hiyo mwanao atasema mpaka mumwombe anyamaze!"

Mama Kipepe akarudi mbio kutafuta karanga. Akamkuta jirani yake, Bi Nungunungu, amekaa chini na Kipepe, wanaviringisha mawe. Kipepe akishika jiwe, Bi Nungunungu anasema, "Jiwe." Kisha ananyamaza, anamtazama, anangoja. Kipepe akicheka, naye anacheka.

"Jirani, yaani unacheza tu?"

"Nacheza, ndiyo. Akiniangalia nampa neno, halafu namngoja. Jana kaniambia 'tena'."

"Neno moja! Na kesho ndiyo siku yenyewe!" Mama Kipepe akaenda zake.

Siku ikafika. Kasuku, tumbo limejaa karanga, akajibanza kwenye ufa nyuma ya mtoto. Jumbe wa pimbi akauliza, "Jina lako nani?"

Ufani ikatoka sauti: "Naitwa Kipepe, bwana wa mashavu, simba wa mwamba!"

Vigelegele! Mama Kipepe akaruka juu, akashuka, akaruka tena. Kumbe ule ufa ni njia ya siafu.

"Kwenu wapi?"

"Kwetu ni... WEEE! Mkia wangu! Nakufa! Mkiaaa!"

Watu wakatazamana. Mkia? Tangu lini pimbi akawa na mkia? Jumbe mwenyewe akajipapasa nyuma, kuhakikisha. Na Kipepe amesimama pale pale, kimya, anatafuna jani!

Kasuku akachomoka ufani, siafu wamemning'inia, mkia unawaka. Ni mwekundu mpaka leo, nendeni mkautazame. Watu walicheka wakagaagaa.

Jumbe hakucheka. "Mmetudanganya. Mtoto ashushwe nyikani."

Mama Kipepe akapiga yowe. "Mwanangu si mjinga! Hana kiburi! Nimedanganya kwa sababu naogopa. Mkimshusha, tunashuka wote!"

"Jumbe," akasema Bi Nungunungu, "muulize tena. Uliza polepole, kisha ungoje. Na nyie wengine, kimya!"

Jumbe akainama. "Kipepe. Kwenu wapi?"

Wakangoja. Kunguru akafungua mdomo. Bi Nungunungu akasimamisha miiba, Kunguru akaufunga. Wakangoja.

Kipepe akamtazama Jumbe. Akawatazama watu. Kisha akaenda mbio kwa mama yake, akapanda mapajani, akampiga kifuani kwa kiganja chake kidogo.

"Hapa," akasema.

Jumbe akainuka. Akafuta macho. "Basi hapo ndipo kwenu," akasema, "na hakuna mtoto atakayeshushwa tena." Vigelegele vya siku ile, hata Chui aliamka akahama.

Haya, wenye watoto, mnisikie. Mtoto anayechelewa kusema si mjinga, wala si mkaidi. Msimpigie kelele, msimnyime, msimsemee. Chezeni naye, ongeeni naye, mumngoje. Na mkiona maneno bado hayaji, mtafuteni mapema anayejua kumsaidia.

Ngano yangu imekaa kitako, hainyanyuki tena. Aliyecheka kuwashinda wenzake akanichotee maji, koo limekauka!