Tiara Mbili za Bwana Mbarouk

Mwashamba, mkulima wa mwani, alitamani kujifunza kuteleza baharini juu ya ubao unaovutwa na tiara kubwa ya kupeperushwa na upepo. Akenda kwa Bwana Mbarouk, muuzaji wa vifaa vya mchezo huo vilivyokwishatumika, naye mbele ya wateja wengine akamtolea tiara nyekundu. Mwashamba alipoipapasa alikuta viraka na kamba zilizochakaa. Akaiweka chini, maana juzi tu jirani yake aliburutwa na tiara ya namna hiyo hadi miambani, akavunjika mguu.

"Mimi mgeni wa mambo haya, kaka," alisema kwa unyonge. "Na ile ya buluu pale ukutani?"

"Ile naitumia mwenyewe. Lakini hazina tofauti, ila rangi tu."

"Hata bei?"

"Hata bei, wallahi! Wateja wote hawa mashahidi."

Mwashamba akalipa bei yote bila kuomba apunguziwe. Mbarouk akatia noti mfukoni huku akichekelea. Ndipo Mwashamba akaichukua ile ya buluu, akaitia kwapani.

"We dada! Hiyo yangu!"

"Nimechagua rangi tu, kaka. Nyekundu hainipendezi."

Wateja wakaangua kicheko. Jioni ile upepo ulivuma vizuri sana, lakini Bwana Mbarouk hakuonekana baharini.