Ushuhuda wa Thuranira

Kanda la usufi unaweza kulibeba kichwani na bado ukapiga mluzi njiani. Usufi ni ile pamba nyepesi ijazwayo kwenye mito ya kulalia, na kanda ni mfuko wake; wahenga waliponena kuhusu mzigo wa mwenzio na kanda la usufi walikuwa wakitucheka. Sisi ndio tunaomtazama mtu akitokwa na jasho chini ya mzigo wake, kisha tukamhimiza aongeze mwendo kwa kuwa machoni petu hakubeba kitu. Kule Kanyakine, Imenti Kusini, tabia hii nusura ichukue roho ya mtu.

Mtu huyo aliitwa Thuranira, mkulima wa kahawa, mume wa Gacheri na baba wa msichana mmoja, Maxine. Hakuwa tajiri, lakini hakulala njaa. Migomba yake ilizaa, ng'ombe wake walikamwa asubuhi na jioni, na sauti yake nzito ndiyo iliyoshikilia kwaya ya kanisa. Basi msimu mmoja, bila kufiwa wala kuibiwa, Thuranira alinyamaza. Aliacha kwaya, kisha shamba la kahawa, kisha chakula. Aliamka, akavaa kiatu kimoja, akabaki ameketi kitandani akikitazama cha pili hadi jua likapanda.

Hapo kila mtu akawa daktari. Jirani yake Mwiti alimletea miraa. "Tafuna hii, bwana, akili ifunguke. Hiyo ni stress tu." Mama mkwe alinong'ona habari za jicho la watu. Gacheri mwenyewe, nisimtetee, alimgombeza siku nyingi akidhani ni uvivu. Lakini aliyewashinda wote kwa uhakika ni Kaimenyi, kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajapata kukosa jawabu.

"Thuranira, wewe uko na shamba, uko na bibi mzuri, mtoto anasoma," alimwambia. "Unakosa nini? Kuna watu hawana hata jembe na wanaamka. Jikaze! Wewe ni mwanamume."

"Najua, kaka," Thuranira alijibu, machozi yakamtoka. Kaimenyi alitazama kando kwa aibu.

Machozi hayo yalimfungua Gacheri macho. Hakuwa amewahi kumwona mvivu akiulilia uvivu wake. Alimpeleka mumewe hospitalini, na huko wakaambiwa kwamba huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote, unaitwa sonona, na kwamba una dawa na una washauri wa kuzungumza nao. Wakaonywa pia kwamba asiache dawa mpaka daktari aseme, hata akijisikia mzima. Majuma yakapita. Polepole Thuranira akaanza kumaliza sahani yake. Siku alipochukua makasi na kwenda kupogoa mibuni, Gacheri alijifungia jikoni akacheka peke yake kwa furaha.

Kaimenyi naye aliona. "Bwana ameponya!" alisema. "Jumapili utasimama utoe ushuhuda."

"Kaka, bado sijapona. Nimepata nafuu tu."

"Usiseme hivyo. Maneno kama hayo ndiyo yanarudisha ugonjwa. Utasimama, utasema, utakaa. Kwani hapo kuna uzito gani?"

Jumapili ilipofika Thuranira alisimama. Alisema kwamba alikuwa gizani na sasa yuko nuruni. Akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikaimba, watu wakamkumbatia hadi nje. Kabla hawajafika langoni, Kaimenyi alimshika bega. "Sasa hizo tembe ni za nini? Umeambia kanisa umepona. Ukiendelea kumeza, unamfanya Mungu aonekane mwongo."

Thuranira alikuwa mcha Mungu, na maneno hayo yalimwingia. Aliacha dawa kimyakimya. Kila aliyekutana naye sokoni alimpa mkono wa hongera, naye akatabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Angewaambiaje kwamba giza limerudi, tena nene kuliko la kwanza? Hata nyumbani alijifanya mzima, mpaka asubuhi moja Gacheri alipomkuta nyuma ya zizi, ndoo tupu miguuni, ng'ombe wakilia bila kukamwa.

"Baba Maxine, unameza dawa?"

Thuranira alitikisa kichwa. Gacheri aliketi kando yake kwenye nyasi zenye umande. Aliliogopa swali lililomjia, lakini aliogopa zaidi kulinyamazia.

"Unataka kufa?"

"Ndiyo," alisema Thuranira. "Nimechoka, Mama Maxine. Hata nyinyi mtapumzika."

Gacheri hakupiga yowe wala hakumkemea. Alimshika mkono na hakuuachilia tena. Kwa mkono mwingine alimpigia simu Kaimenyi, mwenye gari aina ya pikapu. Kaimenyi alifika upesi, akasikia yote, kisha akabaki langoni akichezea ufunguo.

"Leo ni siku ya soko," alisema. "Watu wote wako barabarani. Wakimwona anapelekwa hospitali kwa mambo ya akili, ule ushuhuda watauitaje? Tungoje jioni. Kwanza tuombe."

"Tutaomba tukitembea, shemeji."

"Mama Maxine, hebu sikia..."

"Nimekusikia vya kutosha! Kama angekuwa amevunjika mguu, ungeniambia ningoje soko lifungwe?"

Akampita. Aliingia na mumewe katikati ya soko, mkono kwa mkono, kichwa juu. Alice, muuza ndizi, aliita, "Mama Maxine, mnaenda wapi mapema hivi?"

"Hospitali. Baba Maxine ni mgonjwa."

Hakunong'ona. Kila aliyeuliza alipewa jibu lile lile, kwa sauti ile ile. Alice alizifunika ndizi zake kwa gunia, akaja akaushika mkono wa pili wa Thuranira, wakaenda watatu. Siku hiyo hiyo alilazwa.

Kaimenyi aliachiwa maneno ya watu. Jumapili iliyofuata walimdaka mlangoni mwa kanisa. "Mzee, si ndugu yako aliponywa?" "Kwani ule ushuhuda ulikuwa uongo?" Mwenye majawabu hakupata hata moja. Aliketi benchi la mbele, macho ya waumini wote yakimchoma kisogoni, na kabla ya sadaka kukusanywa akatoka kwa mlango wa pembeni. Alikuwa ameonja kipembe tu cha mzigo wa nduguye, kwa saa moja tu, akashindwa.

Aliendesha gari moja kwa moja hadi hospitalini, bado amevaa suti ya kanisa.

"Watu wameniangalia tu, Thuranira, na nimeshindwa kukaa," alisema. "Wewe ulikuwa unakaaje na yote hayo?"

"Sikuwa nakaa, kaka. Nilikuwa naanguka na hamkuona."

Kaimenyi alilia, naye hakuficha uso. "Nisamehe. Unataka nikufanyie nini?"

"Usiniambie nijikaze. Kaa hapa tu."

Akakaa. Muuguzi alipoleta dawa, Thuranira alizimeza mbele ya kaka yake. "Nitameza mpaka daktari aseme basi," alisema, "hata kanisa lote likiniuliza."

"Wakiuliza, nitawajibu mimi," alisema Kaimenyi.

Na aliwajibu. Thuranira aliendelea na dawa na washauri wake, akarudi kwenye mibuni yake taratibu, siku nyingine vizuri, siku nyingine kwa shida, lakini akirudi. Hadi leo, mtu akimwambia Kaimenyi kwamba fulani anajidekeza tu, yeye humwuliza kama amewahi kuuinua mzigo wa huyo fulani. Wengi hawajawahi, ndiyo maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.