Wawili Wenye Kiu Sawa

Nawaletea hadithi.
— Ilete, tumekaa.
Ina uchungu.
— Tutameza.

Basi nianze na fumbo ambalo mimi mwenyewe limenishinda. Wawili wakilingana kabisa, wa pili ni yupi? Nimewauliza waliosoma na wasiosoma. Kila mmoja hunijibu upesi, kisha hubadilisha jibu.

Palikuwa na ukame, na dimbwi moja la mwisho. Kila alfajiri yalichimbuka maji ya kuwatosha wanyama watatu tu. Na kila alfajiri Kiboko alitangulia, chubwi, akanywa, akavuruga, akaacha tope. Wengine walirudi na kiu yao.

Kikao cha wanyama kikakaa. Kikaamua kwamba aliyekaa siku nyingi zaidi bila maji ndiye anywe kwanza. Ukarani akapewa Pimbi, mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia, kwa kuwa alijua kompyuta. Pimbi akatengeneza jedwali. Safu ya kwanza, majina. Safu ya pili, siku za kiu. Safu ya tatu, fomula tatu: moja ya kutafuta namba kubwa kuliko zote, moja ya kutafuta ya pili kwa ukubwa, moja ya tatu. Kando ya kila namba, fomula nyingine ilishuka kutoka juu ya orodha kumtafuta mwenye namba hiyo.

Kiboko akaenda pangoni kwa Pimbi.

"Karani, nina siku ngapi mimi?"

"Moja, mzee. Jana ulikunywa."

"Andika mia."

Pimbi akautazama ule mdomo. Ungemmeza yeye na kompyuta yake.

"Mia ni ndogo, mzee wangu. Namba ni za sisi akina yakhe. Ngiri ana namba, Digidigi ana namba. Mkubwa huandikwa kwa maneno."

"Maneno gani?"

"Sema mwenyewe."

Kiboko akafikiri mpaka masikio yakatikisika. "Andika: nyingi kupita wote."

Ta, ta, ta. Pimbi akaandika.

"Na jedwali lenyewe halikosei?"

"Halikosei, mzee. Likisema, limesema."

Sasa, fomula ile huhesabu namba, maneno huyaruka. Alfajiri Pimbi akasoma: Nyumbu, Twiga, Pundamilia. Kiboko hayumo. Siku ya pili, hayumo. Siku ya tatu, hayumo.

"Mbona siitwi?"

"Maneno yako mazito, mzee. Bado linayatafakari."

Wanyama wakacheka, mara ya kwanza tangu mvua ikatike. Kiboko akalala kando ya dimbwi, akinyonya tope. "Sawa," akasema. "Halikosei. Lakini siku atakapokunywa yeyote bila kuitwa, nami nitaingia, na sitatoka."

Siku ya nne, Digidigi alikuwa na siku tisa. Swala, siku tisa. Ngiri, saba.

"Wa kwanza, Digidigi," Pimbi akasoma. "Wa pili..." Akasita. "Wa pili, Digidigi. Wa tatu, Ngiri."

Fomula ilitafuta tisa, ikashuka, ikamkuta Digidigi. Ikatafuta tisa ya pili, ikaanza tena juu, ikamkuta Digidigi yuleyule. Jina la Swala lilikuwa mstari mmoja chini yake.

Swala akasogea polepole. "Karani, mwanangu, na mimi je? Leo bado nasimama. Kesho sijui."

Kiboko akafungua jicho moja. "Vipi, karani? Limekosea?"

Pimbi akamtazama Swala, akamtazama Kiboko. Akisema limekosea, Swala atakunywa bila kuitwa, na Kiboko ataingia dimbwini, na hakuna wa kumtoa.

"Halikosei," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho, mama."

Digidigi akanywa mara mbili. Mara ya pili alifumba macho. Simlaumu, kiu ya siku tisa sijaionja.

Alfajiri iliyofuata Swala alikuwa wa kwanza, siku kumi, bila wa kulingana naye.

"Swala," Pimbi akaita.

Akaita tena: "Swala."

"Mama Swala."

Walimkuta njiani, kichwa kimeelekea majini.

Mzigo nimeutua.
— Tumeupokea. Na funzo lake?
Funzo sikulitunga mimi, lilipitishwa na kikao: jedwali halikosei, mwenye kiu asubiri zamu yake. Kikaamua pia kwamba kila mstari uongezewe kisehemu kidogo cha namba nyuma ya nukta, kila mmoja chake, ili wawili wasilingane tena. Namba aliziongeza Pimbi, asubuhi ileile. Na lile funzo kikaamua lichongwe kwenye jiwe la dimbwini. Alilichonga Pimbi, kwa meno yake, herufi moja moja, huku Kiboko akimwangalia asikosee.