Mguu wa Refa

"Andika ulichoona, si ulichozoea."

Ndivyo alivyowaambia matroni wenu leo wodini, nanyi mmekuja mbio kuniuliza nani aliyeisema kwanza. Afadhali mmekuja kwangu. Wengine watawadanganya kwamba methali hii ni ya wahenga. Wahenga gani! Imetokana na mguu wa refa, na mimi nilikuwapo. Kaeni basi, nawe Lugano weka hiyo simu chini.

Ilianza hivi. Nilikuwa sista wa wodi ya wanaume katika hospitali ndogo huku kwetu milimani, yenye chuo cha uuguzi nyuma yake. Ripoti za zamu tuliziandika kwa Kiswahili katika daftari moja kubwa, kila mgonjwa na mstari wake. Nilikuwa mkali, sikatai. Shuka zangu zilinyooka na sakafu iling'aa. Lakini kwenye ripoti, jamani, sote tulikuwa na ugonjwa mmoja. Ukipokea zamu unatazama alichoandika mwenzako, unanakili. "Hali inaridhisha. Anaendelea vizuri." Asubuhi anaendelea vizuri, mchana anaendelea vizuri. Kuna babu mmoja aliruhusiwa Jumatatu, akarudi kwake kulima, na katika daftari letu akaendelea vizuri mpaka Alhamisi. Mnacheka? Wakati ule hatukuona la kuchekesha.

Wanafunzi wakaiga kwetu. Mmoja wao alikuwa Sekela.

Ndiyo, Lugano, Sekela huyohuyo matroni wenu. Funga mdomo usikilize.

Mikono ya binti yule ilikuwa na huruma, wagonjwa wakimgombea awachome sindano yeye. Lakini mpe kalamu, anaganda. Alikuwa ameanguka mtihani wa ripoti mara mbili, na mkuu wa chuo akatoa neno la mwisho: mwezi ukiisha ripoti zake hazijabadilika, afungashe arudi kwao. Alilia mpaka macho yakavimba. Nilimwonea huruma, lakini sikumsaidia. Aliyemsaidia ni mwalimu wao, Mwalimu Ambokile, mtu mpole mwenye subira ya ajabu.

Mwalimu alimsimamisha Bupe, mwanafunzi mwenzake na rafiki wa Sekela, uani. Akamwambia Sekela, "Chagua mgonjwa mmoja, umwandike. Usitaje jina wala kitanda. Bupe ataingia na karatasi yako. Akimpata mgonjwa, umeandika. Asipompata, hujaandika kitu."

Sekela akaandika: "Mgonjwa ni mwanaume. Anaendelea vizuri." Bupe akaingia kwenye wodi ya wanaume kumi na wanane, akaisoma kwa sauti. Wee! Wote wakanyoosha mikono. "Mimi hapa, dada! Ndiye mimi naendelea vizuri!" Hata aliyekuwa na dripu alinyoosha mkono wa pili. Sekela alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akampa karatasi nyingine tu, akamwambia, "Rudi ukatazame."

Wakafanya hivyo kila siku kwa wiki tatu. Siku Bupe alipokwenda moja kwa moja kwa mgonjwa bila kuuliza, wodi nzima ilipiga makofi. Mimi nikasema ni mchezo wa kitoto unaochafua wodi yangu.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha akaletwa Mzee Kasyupa, refa wa mpira wa vijiji vyote vya huku. Alikuwa ameanguka na baiskeli, mguu wa kulia umevunjika, akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kutoka pajani hadi karibu na vidole. Filimbi yake hakuivua shingoni. Muuguzi akipita bila kumsalimia, anapuliza na kumwonyesha kadi ya njano kwa kipande cha boksi la dawa. Alinichosha!

Kesho yake nilifika asubuhi, nikatupa jicho kitandani kwake, amelala. Nikaandika kama kawaida, anaendelea vizuri. Mchana Sekela akanijia. "Sista, Mzee Kasyupa anaumia sana."

"Hogo jipya lazima liume. Nenda ukaandike ripoti yako."

Akaenda, akaandika. Saa nane, tukikabidhiana zamu, nikafungua daftari nikasoma mbele ya wote:

"Mzee Kasyupa hajapuliza filimbi tangu asubuhi. Uji wake umeganda mezani. Anasema maumivu yamezidi hata baada ya dawa. Vidole vya mguu wenye hogo vimevimba na ni vya baridi, vya mguu wa pili vina joto. Nimemwomba achezeshe kidole gumba. Anajaribu, hakisogei."

Nikamuuliza, "Sekela, hii ni ripoti au barua kwa shangazi yako? Filimbi inahusu nini hapa? Futa. Andika anaendelea vizuri."

"Siwezi, Sista."

"Unajua mwezi unaisha kesho?"

"Najua. Lakini nikiandika hivyo, Sista, Bupe hatampata."

Kabla sijamjibu, daftari likachukuliwa mkononi mwangu. Alikuwa Daktari Mwambene, amekuja kuzungukia wagonjwa. Alisoma amesimama, na hakumaliza. Alikwenda kitanda cha sita, cha Mzee Kasyupa, karibu akikimbia, akashika vile vidole, akapaza sauti, "Msumeno wa hogo! Sasa hivi!"

Hogo likapasuliwa toka juu hadi chini. Tukasubiri. Nawaambieni, nimezalisha, nimefunga maiti, lakini sijawahi kutazama kidole cha mtu kama nilivyotazama kile. Rangi ikaanza kurudi, pole pole. Daktari akasema, "Mzee, jaribu." Kidole gumba kikasogea.

Wodi ikalipuka! Wanaume walipiga vitanda, Bupe akapiga vigelegele, na Mzee Kasyupa, machozi yakimtiririka, akaishika filimbi yake shingoni akapuliza. Sekela alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka.

Daktari akarudi na daftari. Akaweka kidole kwenye mstari wangu wa asubuhi. "Tungengoja mpaka jioni, Sista, ningeukata mguu huu. Hapa umeandika anaendelea vizuri. Uliona nini?"

Ningeweza kujitetea. Nikasema, "Sikuona kitu, daktari. Nilizoea."

Ndiyo, wanangu, aliyeisema kwanza ni mimi. Siku ya pili niliwasimamisha wauguzi na wanafunzi wote, nikamwita Sekela mbele, nikamwomba radhi, kisha nikawaambia maneno yale. Mkuu wa chuo hakutaka mtihani mwingine. Aliusoma ule ukurasa mara mbili, akasema binti habanduki hapa.

Walipohitimu ikachezwa mechi, na refa alikuwa Mzee Kasyupa, anakimbia kwa miguu yake miwili. Mshika kibendera akasema ni kuotea, kwa kuwa mchezaji yule siku zote huotea. Mzee akapuliza filimbi. "Wewe! Sema ulichoona, si ulichozoea!" Uwanja mzima ukaidaka, ikaenda nao majumbani.

Haya, Lugano, chukua karatasi uniandike mimi. Jina langu usilitaje, na ole wako uandike kwamba bibi anaendelea vizuri. Nitazame kwanza. Andika ulichoona, si ulichozoea.